Sindano ya Mbuzi

Mulei wa Tseikuru alijua mbuzi kweli kweli. Shida yake ni kwamba watu pia aliwaona kama mbuzi.

Mwezi wa saba, mwaka wa 1993, alirudi kutoka soko la mifugo akikohoa. Kama mwana mwenye heshima, alikwenda kwanza kumsalimu mama yake, Ndululu. Alimpa mkono, akaketi karibu naye, wakanywa uji kwa kibuyu kimoja. Ndululu alikuwa na miaka sabini na miwili.

Siku ya tatu Ndululu alishikwa na homa. Mwili wote ulimuuma, akakataa chakula. Siku ya sita alianza kuhema. Mulei akaleta dawa ya kudunga mbuzi, akachemsha sindano.

Kalunde, mkewe, aliingiwa na hofu. Alimwogopa mumewe, lakini kumpoteza mama mkwe aliogopa zaidi. Alikimbia kwa jirani yao Abshiro, muuza maziwa aliyefundishwa kazi ya afya ya kijiji.

Abshiro alimkuta Mulei akivuta dawa.

"Baba Musembi, weka hiyo chini," akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Mbuzi wangu kumi wamepona na hii dawa."

"Mama yako si mbuzi wa kumi na moja. Hiyo imepimiwa mnyama. Na hii ni influenza, inaletwa na virusi. Hiyo dawa yako ni ya bakteria, haiwezi virusi."

Mulei akauliza mbona yeye alipona bila dawa. Abshiro akamweleza kwamba wengi hupona kwa kupumzika, kunywa maji na uji kwa wingi, na kumeza tembe za kutuliza homa. Lakini wazee, watoto wadogo na wajawazito hulemewa upesi. Tena virusi hivyo hubadilika, kwa hivyo aliyeugua mwaka jana anaweza kuugua tena mwaka huu. Hata chanjo yake hutengenezwa upya kila mwaka, ila kwa zahanati yao ilikuwa haijafika.

Kisha akatazama saa, akahesabu pumzi za Ndululu kwa dakika nzima.

"Thelathini na sita. Anahema mbio sana. Hatuwezi kungoja kesho."

Walimlaza kwenye mkokoteni wa punda. Mulei alitembea kando akimshika mkono, na kila kikohozi cha mama yake kilimchoma moyo. Alikumbuka kile kibuyu cha uji walichonywea pamoja akiwa anakohoa.

Kwenye zahanati, muuguzi alisikiliza kifua. Alisema nimonia ilikuwa imeingia juu ya ile influenza. Kisha akatayarisha sindano.

"Kumbe pia ni sindano?" Mulei akauliza.

"Ni sindano, lakini nimempima kwanza. Hii inatibu nimonia, na ni ya binadamu."

Kwa siku mbili hakuna aliyejua kama Ndululu angepona. Siku ya tatu aliomba uji. Mulei alitoka nje akalia.

Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, Mulei alirudi tena kutoka sokoni akikohoa. Ndululu alikuwa mlangoni, amemnyooshea mkono. Mulei alisimama mbali, karibu na zizi, akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Mwaitu, mama yangu, leo sikupi mkono."

Zamani Ndululu angekasirika kunyimwa mkono na mwanawe. Siku hiyo alirudisha mkono wake taratibu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Kalunde, mpelekee uji huko huko, kwa kibuyu chake mwenyewe."