Mume Wangu Alimbeba Mama Mkwe Wake Mgongoni

"Nanjala, uko wapi?"

"Niko kazini. Nafua."

"Wacha hizo nguo. Bwana yako ameingia kwa mama yako."

Povu lilikuwa linanitiririka hadi kwenye viwiko. Simu nilikuwa nimeibana kwa bega.

"Ameingia ndani? Ndani ndani?"

"Ndani kabisa. Na ametoka amembeba mgongoni. Wamepanda teksi. Mlango wameuacha wazi."

Mgongoni...

Wewe unayesoma, kama hutoki upande wetu wa Bungoma, labda huoni ubaya. Hata Wangui, jirani yangu aliyenipigia, hakuuona vizuri. "Kwetu tungemwambia asante," alisema. "Kinachonitia shaka ni hiyo haraka yake."

Lakini kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono. Hawali pamoja. Akimwona anakuja njiani, anampisha. Na mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Ndiyo maana mama alipopatwa na kiharusi nikamleta Nairobi, tulimkodishia chumba chake hapa mtaani Satellite. Kimepakana na chetu, ukuta wa mabati katikati.

Tangu siku hiyo, Shem, mume wangu, hakuwahi kuvuka ule mlango. Anasimama nje, amegeuka, anasalimia, anaenda zake.

Mtu kama huyo akimbeba mama mkwe mgongoni, kuna kitu kimemshinda. Au kuna kitu ameamua.

Nikampigia. Simu imezimwa.

Ndipo nikakumbuka ile sauti niliyoisikia bombani...

Acha niwaeleze kwanza.

Kiharusi kilimchukulia mama mkono wa kulia na maneno yote. Lilibaki moja tu. Haya. Ukimuuliza ana njaa, haya. Ukimuuliza ameshiba, haya. Nikajifunza kumjazia. Nikiona mdomo unahangaika, mimi namaliza.

"Unataka chai, mama."

"Umechoka, mama. Lala."

Majirani wa ploti walinisifu. Walisema mimi ndiye mdomo wa mama. Nilipenda kuitwa hivyo.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kugonga. Alikuwa akishika kikombe chake cha bati kwa mkono wa kushoto, anagonga nacho ukuta wa upande wetu. Nikadhani ugonjwa unapanda kichwani. Nikamnyang'anya, nikamwekea cha plastiki.

Halafu Jumapili moja kanisani akaja dada mmoja, Nyakio. Alikuwa mtafiti. Alitangaza kwamba wanatafuta watu ambao kiharusi kimewanyang'anya maneno, wafanye mazoezi ya kuongea huku wakijaribiwa dawa mpya.

Ibada ilipoisha alitufuata.

"Naweza kuongea na mama?"

"Mama hataki."

"Naweza kumuuliza mwenyewe?"

"Mimi ndiye mdomo wake. Hataki."

Shem alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi.

Wangui aliposikia alishika kiuno.

"Ulifanya poa kumfukuza. Kwani hujajiuliza mbona wanatafuta wasioweza kusema hapana?"

Hilo neno sikulisahau.

Juzi sasa, nikichota maji, nilimsikia Shem upande wa pili wa bomba akiongea kwa simu. Sauti ya chini.

"Nanjala asijue. Akijua ataharibu... Nitamleta mwenyewe."

Mimi ni mtu wa kutazama kwanza. Nikabeba ndoo yangu, nikaenda zangu. Nilidhani ni mwanamke mwingine. Nikasema wacha ajitokeze mwenyewe.

Kumbe aliyekuwa anapelekwa ni mama yangu, kwa yule Nyakio.

Nilitoka kazini Spring Valley na aproni kiunoni. Mwenye boda aliniacha mzunguko wa Globe, akasema akiingia tao, katikati ya jiji, askari wa kanjo watamshika. Nikakimbia. Ofisi yenyewe niliijua, Nyakio alikuwa ameitaja kanisani, jengo moja karibu na steji ya Koja. Njia yote naona sindano. Naona mama amelazwa, wanamuuliza, "Tukudunge?" na yeye anasema neno lake lile lile.

Lifti ilikuwa na foleni. Nikapanda ngazi.

Kabla sijafika juu nikaisikia sauti yake kwenye korido.

"Haya... Haya... Haya..."

Nikausukuma mlango.

Mama alikuwa ameketi, leso imefungwa vizuri. Mbele yake meza, juu yake picha za vitu. Nyakio upande wa pili. Na kwenye kona Shem, amesimama uso kwa ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Umemuuza mama yangu?"

"Nanjala, shusha sauti." Hakugeuka.

"Wamekupa nini, Shem? Umechoka kulipa vyumba viwili, ni hiyo?"

"Keti, dada," Nyakio akasema. "Hajapewa dawa yoyote. Bado naangalia kama ananielewa. Simu tunazima hapa, ndiyo maana hukumpata."

Akamgeukia mama, akamwita kwa jina.

"Mama Peres, hapa tuko kanisani?"

"Haya."

"Hapa tuko ofisini?"

"Haya."

Nyakio akazikusanya picha.

"Siwezi kumchukua. Mtu anayekubali kila kitu hajakubali kitu."

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Nikamshika mama kwapani.

"Twende nyumbani, mama. Umechoka."

Hakuinuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa meza. Nikavuta. Akakaza. Machozi yakaanza kumtoka, na mdomo unahangaika... haya, haya, haya.

"Anaogopa," nikasema. "Mmemtisha."

"Ngoja," Shem akasema, bado akiangalia ukuta. "Mnamuuliza vibaya. Naomba nitoke."

"Sasa unatoroka?"

Akapita kando kando bila kumtazama mama. Akatoka. Mlango ukafungwa.

Tukabaki sisi watatu. Kisha sauti yake ikaja kupitia mbao, ile ya heshima anayotumia kwa wakwe.

"Hodi, mama. Ni mimi mkwe wako. Gonga kama tunavyogonga nyumbani. Hapa tuko kanisani?"

Mama akainua mkono wa kushoto. Akakunja vidole, akagonga meza.

Ko, ko.

"Mara mbili ni hapana," Shem akasema. "Tuko ofisini?"

Ko.

Nywele zilinisimama, wenzangu. Siwafichi.

Nyakio alisimama polepole. Alimweleza mama kila kitu upya, taratibu, kwa maneno mafupi. Kwamba huenda atapewa dawa, huenda atapewa tembe isiyo na dawa, na hakuna atakayejua. Kwamba kichwa kinaweza kumuuma. Kisha maswali yakapitia kwa Shem, ya kupindua pindua.

"Mama, hii dawa lazima ikuponye?"

Ko, ko.

"Ukianza huwezi kuacha?"

Ko, ko.

"Unataka kuingia?"

Ko. Aligonga kwa nguvu hadi picha zikaruka.

Kikombe cha bati kilinijia machoni. Ugonjwa haukuwa umepanda kichwani. Mama alikuwa anaongea, mimi nikamnyang'anya mdomo nikampa plastiki.

Nikaenda nikafungua mlango kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Shem ni soja, mlinzi wa usiku, mchana analala. "Narudi kutoka lindo, nalala, nasikia kugonga. Kuingia siwezi. Nikauliza kupitia mabati, mama, ni maji? Mara mbili. Ni uji? Mara moja. Tukaendelea hivyo."

"Na leo kumbeba?"

"Matope hadi kwa mlango, teksi inapiga honi. Nilimuuliza kwanza. Akagonga mara moja. Ningemwita Wangui amsaidie, ungejua kabla teksi haijawasha."

"Mbona hukuniambia, Shem?"

Akakwaruza sakafu kwa kiatu.

"Nilimuuliza kama nikwambie."

Nikageuka. Mama alikuwa ananitazama.

Ko, ko.

Yeye ndiye aliyesema nisijue. Siri niliyoiogopa ilikuwa ya mama yangu mwenyewe.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Uliogopa nitakataa?"

Ko.

"Mama... umenikasirikia?"

Mkono ukabaki hewani. Hofu yote ya siku ile, boda, ngazi, korido, haikufikia ile ya kuungoja mkono ule ushuke.

Ko.

Mara moja tu.

Nikainamisha kichwa. Baadaye kidogo nikahisi vidole vyake kwenye nywele zangu, vinatoa povu la sabuni lililokauka.

"Nikulete mimi mara nyingine?"

Ko.

Sasa wasomaji wangu, msitarajie muujiza. Mama bado anasema haya. Anameza tembe ambazo hakuna anayejua kama zina dawa, na anafanya mazoezi yake. Shem alimnunulia blanketi la kuomba radhi kwa kumbeba, kama desturi inavyotaka, akamkabidhi akiwa amegeuka. Wangui alicheka hadi akakaa chini.

Kikombe cha bati nimekirudisha.

Nilichojifunza ni hiki: aliyepoteza maneno hajapoteza hapana yake. Ukimpenda, muulize, halafu nyamaza. Mila ilimweka mume wangu mbali, na kwa kuwa yuko mbali ilibidi asikilize. Mimi nilikuwa karibu sana, nikaongea badala ya mama.

Leo asubuhi mama amegonga.

"Chai, mama?"

Ko, ko.

Zamani ningemletea tu. Leo nimevuta kigoda, nikakaa, nikaanza kuuliza upya.