Damu Iliyomzidi Umri Mwenyewe

Mwili wa msichana ulikuwa bado kitandani, wodi ya watoto, shuka limevutwa hadi kidevuni. Kwenye fizi kulikuwa na damu iliyoganda. Inspekta wa upelelezi alimtazama, akavua kofia, akasahau alichotaka kuuliza.

Mtaani walimwita Chiriku, kwa maneno yake yasiyokwisha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Nje koridoni baba yake, fundi wa majokofu, alikuwa amemkaba shati daktari wa chanjo. Koplo akawaachanisha.

"Amemuua mwanangu!" baba alifoka. "Kamchoma chanjo ya dengue, na dengue ndiyo imemuua. Hiyo ni chanjo au sumu?"

"Chanjo ilikuwa nzima," daktari alisema, akihema.

"Funga mdomo!"

Shangazi yake Chiriku, muuguzi wa kliniki hiyohiyo ya chanjo, alimshika kaka yake akamketisha kwenye benchi. Yeye ndiye aliyemlea mtoto tangu mama yake alipofariki akimzaa. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Tulia, kaka. Afande atamtafuta aliyehusika."

"Nikimjua tu, namvunja mikono," baba alisema. "Afande, nakuapia."

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Kesi za wizi alizizoea: kuna mali, kuna mwizi, na mwizi ana shemeji mwenye pikipiki. Hapa hakujua hata aanzie wapi.

Uchunguzi wa maiti haukumsaidia. Hakuna sumu, aliambiwa. Ni dengue kali, ile homa ya mbu, mishipa imevuja. Chupa za chanjo zilizobaki nazo zikapimwa, zikakutwa salama.

"Basi mshtakiwa ni mbu," Koplo alisema. "Tumkamate, mkuu, halafu tumnyime dhamana."

Inspekta hakucheka. Alimwita daktari ofisini.

"Chanjo hii anapewa nani?"

"Aliyewahi kuugua dengue tu. Tunapima damu kwanza. Kingamwili zikionekana, anachanjwa. Zisipoonekana, hachanjwi."

"Rudia."

Akarudia.

"Daktari, mimi nimesomea upolisi. Unampa mwavuli aliyekwisha kulowa, na mkavu unamfukuza?"

Daktari alijifuta jasho. "Dengue wako wanne, afande, ndugu wa tumbo moja. Kingamwili ni walinzi wa mwili. Ukiugua mmoja, walinzi wanamjua huyo barabara. Siku akija ndugu yake, wanamfananisha. Wanamshika, lakini hawawezi kumfunga. Badala ya kumzuia, wanamsindikiza mpaka ndani ya seli. Ndiyo maana dengue ya pili huwa hatari kuliko ya kwanza."

"Na chanjo?"

"Kwa ambaye hajawahi kuugua, chanjo hii inakuwa kama ugonjwa wa kwanza. Mbu akimuuma baadaye, ndiye anayeleta wa pili."

"Chiriku alipimwa?"

"Alipimwa, na kingamwili zilionekana. Ningekuwa na shaka, nisingemgusa. Afande, nitafungwa?"

"Sijui," Inspekta alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa fundi. Ua ulijaa majokofu yaliyong'olewa milango.

"Mwanao aliwahi kuugua dengue kabla ya chanjo?"

"Hajawahi. Mafua tu, na tumbo akizidisha peremende."

"Aliwahi kusafiri nje ya mji huu?"

"Aende wapi? Hata kwa babu yake hafiki, anatapika njiani."

Shangazi alimkaribisha Inspekta kiti chumbani kwake. Ukutani kulikuwa na picha yake ya ujanani, amempakata mtoto mwenye kichwa kidogo mno.

"Mwanangu," alisema kabla hajaulizwa. "Ile homa ya upele na macho mekundu ilipopita hapa mjini, ilinikuta na mimba yake. Hakuishi sana."

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa."

Inspekta aliondoka kichwa kikimuuma. Mtoto hakuugua, lakini damu yake ilisema aliugua. Ama baba anadanganya, ama damu. Na damu, alivyofundishwa chuoni, haina sababu ya kudanganya. Alikuwa amechanganyikiwa, na hasira zake akammalizia dereva.

Maabara walikuwa wamehifadhi mabaki ya ile damu ya Chiriku iliyopimwa kabla ya chanjo, kwenye jokofu la barafu. Mtaalamu wa maabara, mama mmoja asiyependa kuharakishwa, alikubali kuifanyia kipimo cha kina.

"Rudi wiki ijayo," alisema. "Na usinipigie simu kila saa."

Hakurudi. Aliitwa.

"Damu hii haijawahi kukutana na dengue," mama alisema.

"Sasa kingamwili zilitoka wapi?"

"Ni za Zika, binamu yake dengue. Naye huletwa na mbu yuleyule. Kipimo cha haraka hakiwatofautishi vizuri. Kilimwona binamu, kikamfananisha."

Inspekta akashusha pumzi. Kumbe kosa la kipimo! Hakuna mwuaji. Alikwisha kuinuka, akavaa na kofia, ndipo akauliza kwa adabu tu, "Hiyo Zika ndiyo ipi?"

"Ile ya upele na macho mekundu. Ilipita mara moja, haijarudi. Inakaribia miaka kumi na sita sasa."

Inspekta akaketi tena.

"Chiriku ana kumi na mmoja."

"Ndiyo maana nimekuita. Damu hii imemzidi umri mwenyewe."

"Labda alizirithi kwa mama yake?"

"Za mama huisha mtoto akiwa bado mchanga. Na hakuwahi kutoka mji huu, umeniambia mwenyewe. Hii damu si yake, afande."

Damu ya kliniki hushikwa na watu watatu: daktari, mama wa maabara, na muuguzi. Wawili wa mwanzo walihamia mji huu juzijuzi, Zika ilishapita zamani. Inspekta akaikumbuka ile picha ukutani. Alitamani asingeiona.

Shangazi alifika kituoni akisindikizwa na kaka yake. Baba alibaki kwenye benchi la nje, akamshikia mkoba.

"Siku ya kupima, damu ya Chiriku uliitoa wewe?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Wa nani?"

Shangazi aliutazama mkono wake mwenyewe, akaushika kwenye kiwiko.

"Wangu," alisema.

Inspekta hakuandika kitu.

"Nilimpima kwanza yeye," shangazi aliendelea. "Kipimo kikasema hana. Hana kinga hata kidogo, afande! Na chanjo iko pale kwenye jokofu, naiona. Nikaficha majibu, nikatia damu yangu kwenye chupa yake."

"Daktari hakukueleza hatari?"

"Alinieleza. Na mimi nikawaeleza kina mama wengine kwa mdomo huuhuu, nikawarudisha nyumbani na watoto wao. Ilipofika zamu ya wangu, sikuamini. Niliona ni ubahili, dozi hazitoshi, wametunga sababu. Mbu alishanichukulia mmoja. Nikasema huyu hampati." Sasa machozi yalimtoka. "Nilimwambia siku hiyo hachomwi tena sindano ya kutoa damu. Alifurahi, akaimba mpaka wagonjwa wakalalamika."

Inspekta alijaribu kumchukia, akashindwa. Kwa siku zote hizo alikuwa akimtafuta mtu mbaya. Alimwagiza Koplo ampigie simu daktari, amwambie alale kwa amani, kisha akafungua mlango.

Baba alisimama haraka.

"Afande, umempata?"

Inspekta alisogea pembeni, akampisha shangazi mlangoni.

"Kaka," shangazi alisema, "ni mimi."

Baba hakumsikia, au alimsikia na maneno hayakuingia. Alichungulia chumbani juu ya bega la dada yake, akimtafuta huyo mtu mwingine. Mkoba wa dada yake alikuwa bado ameukumbatia.