Mwanao Yuko Peponi

Mbeleko ilikuwa imekauka tangu asubuhi, Nasra aliishika kwa mkono wake mwenyewe, lakini adhuhuri alipotaka kumbeba mwanawe Khalfani aliikuta imelowa chapachapa na inanuka tope la ziwa. Ujiji nzima jua kali, wingu hakuna.

Alijua. Moyo ulimwambia kabla ya pua.

Mwaka ule Warundi walikuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, na mmoja wao, Honorata, alimbishia hodi akiwa na kitoto kinachoharisha. Nasra alimwogopea Khalfani wake, hakufungua. Kulipokucha kitoto kilikuwa kimekufa palepale barazani. Kwa aibu akatoka, akamshika yule mama bega, akasema neno lililomjia: "Usilie, dada. Mwanao yuko peponi."

Honorata alimtazama kama aliyepigwa kofi. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, na kanisani kwao pepo ni yule anayekemewa mpaka mtu aanguke na povu mdomoni.

"Kwa mapepo?" akauliza. "Mwanangu?"

Nasra alielewa, wallahi alielewa, ila watu walikuwa wanatazama, akarudi ndani. Jioni ile Honorata aliingia ziwani, hakutoka.

Siku hii ya mbeleko, Bibi Saumu, mganga wa mtaa wa pili, alikuja na ubani kabla ya magharibi. Moshi ulipojaa chumba, hodi ikabishwa chini kabisa ya mlango, kama anayebisha amekaa barazani na mzigo mapajani, harufu ya tope ikapenya, na sauti ikabembeleza, "Ihorere, kibondo canje," nyamaza mtoto wangu, na Khalfani aliyekuwa akilia mgongoni kwa Nasra, kwenye mbeleko nyingine kavu, akanyamaza, akaanza kuuchekea mlango.

"Sema naye wewe, mwanangu," Bibi Saumu alinong'ona. "Mimi hanitaki."

Nasra akapiga magoti akayatoa yote kwa mkupuo, kwamba hodi ile aliisikia, kwamba swali lile alilielewa akanyamaza, kwamba kwao Pepo ni bustani, ni kwa Mungu mnayemwita Imana, maji baridi na matunda na watoto hawaugui, mwanao yuko huko, dada, nisamehe.

Hodi ikakoma. Harufu ikafifia. Bibi Saumu akashusha pumzi.

Kisha sauti ikaja, kwa upole wa jirani: "Kumbe ni kuzuri hivyo?"

"Ni kuzuri, dada."

"Sasa wako mbona unamnyima?"

Na mgongoni kwake mbeleko ikaanza kulowa.