Mikro Ndogo ya Mukaka Berthe

Jumamosi hiyo, kule Musienene, Mukaka Berthe alikuwa ameketi uani akipukuchua maharagi. Mukaka ni nyanya kwa Kinande. Alipukuchua huku akisimulia, maana mama huyu hawezi kukaa mikono mitupu, na mdomo wake ndio kabisa.

Mjukuu wake, Rébecca, alikuwa anamrekodi. Rébecca anauza vitambaa Butembo, na siku za harusi anachukua video za watu. Kamera yake aliinunua kwa mpigapicha mmoja aliyehamia Beni. Ilikuwa imetumika, lakini lenzi yake ni safi. Aliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, mbali, kule karibu na mbuzi. Katika ukoo wao hakuna anayesogeza chombo mbele ya uso wa mzee anayesema. Ndivyo walivyolelewa.

Mukaka aliimba wimbo wa kupanda maharagi. Wimbo huo unataja wazee saba waliolima shamba lao, mmoja baada ya mwingine. Aliyebaki akiujua wote ni yeye tu. Na shingoni alikuwa na goita, uvimbe mkubwa. Baada ya siku tisa angefanyiwa upasuaji Butembo.

"Wengi wanapona vizuri," daktari alimwambia Godelive, mama yake Rébecca. "Mais kwa watu kidogo, sauti inabadilika. Siwezi kuwaficha."

Ndiyo maana walitaka filamu, na waliitaka upesi.

Jumapili baada ya misa, jamaa walikusanyika nyumbani kwa Godelive kuitazama. Lo, picha! Uliweza kuhesabu maharagi kwenye ungo. Mukaka alifungua mdomo aimbe. Wakasikia upepo, mbuzi, na mashini ya kusaga ya jirani. Mukaka mwenyewe alisikika kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Rébecca," Godelive akasema, "sauti ya mama iko wapi?"

Godelive akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Rébecca aliona aibu. Lakini pamoja na aibu, swali lilimkaa kichwani. Kamera inaona hata haragi moja. Kwa nini haisikii mtu mzima anayeimba?

Jumatatu alikwenda kwa jirani, Papa Ézéchias. Huyu alitengeneza vyombo vya redio kwa miaka mingi, na mpaka leo hawezi kuona waya umekatika akaupita.

"Papa Ézéchias, nataka kununua mikro kubwa, kile kipaza sauti cha kuweka juu ya kamera," Rébecca akasema. "Niliiona dukani. Bei yake ni kali, mais nitauza pagne zangu sita, vile vitenge vya muzuri."

"Ngoja kwanza, mutoto yangu. Pagne zako haziko na haraka. Uko na telefone?"

"Niko nayo."

Papa Ézéchias akamtoa nje. Nyumba ya tatu kutoka hapo, fundi wa bati alikuwa anagonga masufuria, ngo, ngo, ngo. Mzee akaiweka simu juu ya kiti na kuiambia irekodi.

"Enda hatua kumi. Sema bei ya vitambaa vyako. Kisha sogea, zibaki hatua tano, useme tena. Kisha mbili. Mwisho kuya hapa, umbali wa shubiri moja. Hapana kupandisha sauti."

Rébecca alicheka, lakini alifanya. Kisha akavaa spika za masikioni za mzee, akasikiliza. Kwenye hatua kumi, nyundo ilikuwa imemmeza. Kwenye hatua tano, alisikia neno moja moja. Kwenye mbili, alielewa. Kwenye shubiri moja, nyundo ilikuwa mbali kabisa, na yeye alikuwa wazi.

"Ah bon!" akasema. "Nyundo haikusogea. Ni mimi njo nilisogea!"

"Voilà. Kamera yako iko na macho ya mbali, mais masikio yake ni ya hapo hapo. Sasa ukiweka ile mikro kubwa juu ya kamera, na kamera iko kwa mbuzi, mikro itakuwa wapi?"

Rébecca akafikiri. "Kwa mbuzi."

"Donc utakuwa umeuza pagne sita kwa kusikiliza mbuzi muzuri zaidi."

Wakacheka wote wawili. Halafu mzee akaeleza. Mikro kubwa si mbaya. Inafaa kama mtu anatembea, au kama watu ni wengi na huwezi kumfunga kila mmoja waya. Zipo pia zisizo na waya, lakini bei yake iko juu. Kwa mtu mmoja aliyekaa na kusema, kinatosha kipaza sauti kile kidogo cha kubana kwenye nguo, chenye waya. Bei yake haifiki hata pagne moja nzuri.

"Na ukinunua, ununue na spika za masikio," akaongeza. "Mupishi anaonja. Wewe utaonja na nini?"

Jumanne Rébecca alinunua kile kidogo, kofia yake ya sponji ya kuzuia upepo, na spika za masikioni. Alikimbia nacho nyumbani akakichomeka kwenye kamera. Akasema, "Moja, mbili." Akasikiliza. Kimya. Akachomoa, akachomeka tena. Kimya! Akarudi kwa Papa Ézéchias karibu kulia.

"Wameniuzia kibovu!"

Mzee akakigeuza karibu na dirisha. "Si kibovu. Angalia kichwa cha waya. Mistari nyeusi ni ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ni ya telefone. Ya kamera inakuwaka na mbili. Ulihesabu?"

"Nani angenifundisha kuhesabu mistari, Papa?"

"Mimi, na nilisahau. Kosa ni yangu," mzee akakubali. "Mais hapana kurudisha. Telefone yako iko na tundu la mviringo, njo itarekodi sauti. Kamera itarekodi picha. Washa zote mbili, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Nyumbani, kwenye ordinateur, ile kompyuta, utaona mikono inakutana, utasikia pa! Pale njo unaunganisha. Na telefone uiweke en mode avion, mutu asikupigie katikati ya wimbo."

Rébecca alijaribu jioni hiyo na mama yake. Mara ya kwanza mkufu wa Godelive uliigonga mikro, kra, kra. Wakautoa mkufu. Mara ya pili sauti ilikuwa kama Godelive amekaa begani pako.

Alhamisi Rébecca na mama yake wakapanda kwenda Musienene asubuhi, saa ambayo mashini ya kusaga bado imelala. Mbuzi walipelekwa kwa jirani. Lakini Rébecca alipofika mbele ya Mukaka na mikro mkononi, akasimama. Kuishika nguo ya mzee kifuani?

"Iko nini?" Mukaka akauliza.

Rébecca akaeleza, macho chini. Sauti inapotea njiani. Lazima kisikio hiki kikae karibu na mdomo, kisha yeye atapiga kofi moja ndipo Mukaka aanze.

"Kumbe! Na siku ile, kwa nini ulisimama kule kwa mbuzi?"

"Heshima, Mukaka."

"Heshima!" Mukaka akacheka mpaka maharagi ya ungoni mwake yakamwagika. "Mwenye heshima anakuya karibu anisikie. Leta hapa." Akaichukua mwenyewe, akaibana kwenye kitenge, kando ya medali ya Bikira Maria. "Sasa piga kofi yako."

Rébecca akapiga, pa! Mukaka akaimba. Akataja wote saba, taratibu, na kwa kila mmoja akaeleza aliolewa au alioa wapi, na alipenda mbegu gani. Rébecca alisikiliza kwa spika alizochomeka kwenye tundu la pili la waya wa mikro, akasikia hata pumzi kati ya jina na jina. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta, asije akaitikisa kamera.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mukaka alipona, akala, akagombana na wauguzi kuhusu chumvi. Lakini sauti ilirudi nzito, ya chini, yenye mikwaruzo. Alikuwa miongoni mwa wale wachache. Maneno yalitoka, wimbo ulikataa kupanda.

Mwezi wa tisa wakaenda shambani kupanda. Mukaka alisimama kwenye mfereji wa kwanza, mbegu mkononi, akafungua mdomo. Sauti ikavunjika kwenye jina la kwanza. Watu wakatazama chini.

Rébecca akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya kikapu cha mbegu, akafungulia wimbo. Sauti ya Mukaka, ile ya zamani, ikatoka safi, ikapita juu ya udongo mweusi. Godelive akaanza kuitikia. Wajukuu, hata mdogo wao Providence wa miaka sita, wakaanza kujaribu.

Mukaka alisikiliza mpaka mwisho, mkono shingoni kwenye kovu. Rébecca alimwogopea. Alidhani atalia.

"Rudisha nyuma," Mukaka akasema kwa sauti yake mpya. "Batoto habajashika jina la tatu."

Kisha akainama, akaanza kupanda.