Timu ya Awgnibam

Kila akitoka shule, Kiherehere alipitia dukani kwao, akasukuma mkoba chini ya meza na kunawa mikono, maana karatasi nyeupe haitaki mchezo na vidole vichafu. Jina hilo alipewa na mjomba wake. Msichana huyo hakuwahi kuona kitu kimetulia akakiacha kitulie.

Lilikuwa duka la kuchapisha, chumba kimoja tu, lakini lilikuwa na pande mbili kama uwanja wa mpira. Upande wa dirisha alikaa Mama na kompyuta na mashine yake mpya. Mama alichapa maneno, akayafunika kwa karatasi ya dhahabu, akayapitisha kwenye joto. Dhahabu ikang'ang'ania wino, kwingine kote ikaachia. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha.

Upande wa ukuta alisimama Mjomba na mashine yake ya chuma, nyeusi tii, ya kuvuta kwa mkono. Yeye alihitaji chapa, yaani kipande cha chuma kilichochongwa neno. Akivuta, chapa inazama kwenye karatasi, na neno linabaki limedidimia hivi kwamba hata ukifumba macho unalipata kwa kidole.

"Kaka, hilo dude lako linakula nafasi tu," Mama alisema.

"Mdogo wangu, dhahabu yako imejilaza juu juu. Neno langu limeingia ndani, limejifunika na shuka."

Wiki moja kocha wa timu ya wasichana aliagiza vyeti vya ushindi, vyenye neno MABINGWA katikati. Mama akamwachia kaka yake hilo neno.

"Lakini likiharibika, Kaka, nawaita watu wa vyuma chakavu. Safari hii sitanii."

Mjomba akalitengeneza neno kwenye kompyuta, kisha akamwambia Kiherehere alitume kwa mchonga chapa. Kiherehere akafungua, akakodoa macho. AWGNIBAM. Masikini Mjomba, akawaza, uzee umeanza kubisha hodi. Akabonyeza hapa na pale, akaligeuza likasomeka vizuri, akatuma. Hakumwambia mtu, asije akamwaibisha. Akarudi kwenye hesabu zake za shule akijiona kama amefunga bao.

Chapa ilichelewa. Ilifika siku ileile ya vyeti, na Kocha alikuwa njiani. Mjomba akaifunga mbiombio, kuikagua hakuikagua, akaweka cheti kitupu cha majaribio, akavuta mkono wa mashine. Krrrk. Akakitoa.

Mama akasogea, akasoma taratibu. "Awg-ni-bam. Kaka, timu hii inatoka sayari gani?"

Kiherehere alitaka kucheka, lakini alimwona Mjomba anavua miwani na kuifuta, kisha anaifuta tena.

"Chapa inachongwa kinyume ili ikigonga karatasi isomeke sawa," Mjomba alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilijua nimeligeuza. Basi, macho yameniaga. Waite hao watu wa vyuma."

Kiherehere angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku. Akaitazama mashine ya Mjomba, jinsi ilivyong'arishwa kwa kitambaa kila asubuhi.

"Macho yako hayana kosa, Mjomba. Mimi ndiye niliyeligeuza."

"Wewe?" Mama akashika kiuno.

"Nilidhani amekosea. Nikaona nimsaidie kimyakimya."

Mjomba akamgeukia. "Kwa hiyo mimi ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Afadhali. Nilishaanza kutafuta fimbo ya kutembelea." Akavaa miwani, akacheka mpaka Mama naye akashindwa kununa.

Kiherehere, kwa aibu, alikuwa anakigeuzageuza cheti kile kilichoharibika. Ghafla vidole vyake vikagusa kitu mgongoni mwa karatasi. Herufi zilikuwa zimesimama, zimetuna. Akatazama. MABINGWA, sawasawa kabisa.

"Mama, gusa hapa."

Mama akagusa. Mjomba akagusa. Wakatazamana.

"Tukigonga kwa nyuma," Mjomba alisema, "mbele neno linainuka."

"Na majina ya wachezaji niachie mimi," Mama alisema, tayari yuko kwenye kompyuta. "Kila mmoja na jina lake kwa dhahabu. Wewe ungechonga chapa ya kila jina mpaka timu izeeke."

Mama akachapa majina na duara la dhahabu. Mjomba akatandika raba laini, akalaza kila cheti kifudifudi, akavuta. Neno likachomoza ndani ya duara.

Kocha alipofika, alipitisha kidole kwenye neno, akakiinamisha cheti kwenye mwanga. "Jina linang'aa, neno linashikika. Mmetumia mashine gani?"

"Yangu," Mama na Mjomba wakajibu kwa pamoja.

Kocha alipoondoka, Mama akamvuta binti yake karibu.

"Kusaidia ni kuzuri, mwanangu, ila kazi ya mtu huirekebishi bila kumuuliza. Hilo ni kosa, na umelifanya. Lakini umelisema kabla Mjomba wako hajabeba mzigo usio wake. Ungenyamaza, sasa hivi dude lake lingekuwa kwenye toroli la vyuma chakavu, na mimi nisingejua kwamba mashine zetu zinaweza kufanya kazi pamoja."

"Nitauliza kwanza, Mama." Kisha akamgeukia Mjomba. "Na lile jina langu, utalibadilisha?"

Mjomba alikuwa anabandika cheti cha Awgnibam ukutani, juu ya mashine yake.

"Hilo," alisema, "lishachongwa."