Wa Tano Kwenye Mgongo wa Carn Lurgain

Mwezi wa Januari, ikifika saa nane mchana, jua la milima yetu huwa limeshaanza kuaga. Na sisi tulikuwa bado hatujafika hata kilele cha kwanza.

Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma.

Mlima wa Carn Lurgain una vilele viwili, Mkubwa na Mdogo, vimeunganishwa na mgongo mwembamba kama wa punda aliyekondeana. Mara mbili nilishajaribu kuvipanda vyote kwa siku moja wakati wa theluji. Mara mbili upepo ukanirudisha. Safari hii anga lilikuwa jeupe tangu alfajiri, theluji imekaza vizuri, hakuna hata wingu. Siku kama ile mtu huiombea miaka. Nasi tukaichezea.

Kwanza Lachlan, mwalimu mstaafu na kiongozi wa kikundi chetu, alichelewa kwa sababu alirudi nyumbani kufuata ramani. Ramani ya mlima anaoujua kama sebule yake! Kisha Gregor, fundi bomba mwenye mdomo usiopumzika, akagundua amesahau glovu, tukazunguka kumtafutia za kuazima. Bridie, muuguzi, yeye kila kona anasimama kupiga picha. Mke wangu Mairead peke yake ndiye hakuniudhi, lakini naye alikuwa amechoka kuniona nimenuna.

"Shemeji," Gregor alimwambia Mairead, "mwambie mumeo apunguze moto. Atatuyeyushia theluji yote."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

"Struan," Lachlan akaniambia, "kundi linatembea kwa mwendo wa aliye nyuma. Unajua hilo."

"Najua, mzee. Ila aliye nyuma naye ajue kwamba giza halimsubiri."

Tulifika Mkubwa, tukala mkate na jibini hukohuko tumesimama, tukaanza kuufuata mgongo kuelekea Mdogo. Nilipiga hesabu kichwani. Tukikaza, tutaupata. Nikatangulia mbele nikivuta wenzangu kama ng'ombe wa jembe.

Ndipo tuliposikia.

"Ningojeni!"

Sauti ilitoka nyuma. Sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi.

Lachlan akasimama papo hapo. "Gregor, wewe tena?"

"Mimi niko mbele yako, mzee. Fungua macho."

Tukatazamana. Lachlan, Bridie, Gregor, Mairead, mimi. Wote tupo. Nyuma yetu mgongo ulikuwa mtupu, mweupe, na nyayo zetu zikienda hadi kileleni.

"Kuna mtu mwingine mlimani," Bridie akasema. "Labda ameumia."

Kule chini tulikoegesha hapakuwa na gari jingine. Nikawaambia. Lachlan akasema tungoje hata hivyo. Tukangoja. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Nilisikia barafu ikilia chini ya buti zangu, na damu ikinipiga masikioni.

Hakuja mtu.

"Haya, twendeni," nikasema. "Ni mwangwi."

Hatukufika mbali.

"Ningojeni... Bridie... ningojeni..."

Bridie akashika shavu. "Amenitaja. Mmesikia? Amenitaja jina!" Na kabla mtu hajamzuia, akaweka viganja mdomoni akapaza sauti: "Njoo! Tunakungoja!"

Kimya.

Lachlan akavua mkoba wake, akaanza kurudi alikotoka. Nikamwambia hakuna maana, jua linakwenda, sisi wote tupo, anamfuata nani? Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake wakorofi.

"Na ungekuwa ni wewe uko huko nyuma?"

Nikapiga theluji teke.

Alipotea nyuma ya jabali. Tulikaa pale tukitetemeka, Gregor akijaribu mzaha mmoja na kuuacha njiani. Lachlan aliporudi, uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Kuna nini?" Mairead akanong'ona.

"Hakuna kitu. Nyayo zetu tu." Akashusha sauti. "Lakini ile sauti ilikuwa mbele yangu, karibu kama ulivyo wewe. Ikaniita. Nikasogea, ikawa nyuma yangu. Na safari hiyo ilikuwa inaita kwa sauti yangu mimi."



"Na kuna harufu," akaongeza. "Kama sufu mbichi. Kama kondoo aliyekaa muda mrefu chini ya theluji."

Akaokota mkoba wake. "Mdogo tuuache. Tunashuka kwa bega hili la mlima hapa. Na nisikilizeni vizuri. Ikiita tena, hakuna kusimama. Hakuna kujibu. Hakuna kugeuka. Hata ikikutaja jina."

Nilitaka kulia. Mdogo ulikuwa pale mbele yangu, unang'aa kwa mwanga wa mwisho wa jua, karibu mtu angeugusa kwa kunyoosha mkono. Mara ya tatu! Sikuogopa. Nasema kweli, wakati ule sikuogopa. Nilikuwa na uchungu tu. Nikawaacha wapite wote, nikashika mkia, kwa sababu sikutaka kuzungumza na mtu.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukatumeza hadi mabegani. Tuliteremka mmoja nyuma ya mwingine. Mairead alikuwa mbele yangu, kofia yake nyekundu ikipanda na kushuka.

Iliita tena. Mara moja kwa sauti ya Gregor. Mara moja kwa sauti ya mtoto. Hakuna aliyegeuka.

Halafu mkanda wa vyuma vya meno nilivyofunga chini ya buti ukakatika.

Bila vile vyuma, mteremko ule ni kifo. Nikapiga goti, nikavua glovu, nikaanza kuunga mkanda kwa vidole visivyo na hisia. Kofia nyekundu ikazidi kwenda.

"Ningojeni!" nikaita.

Hawakusimama.

"Jamani, ningojeni! Mkanda umekatika!"

Nilimwona Mairead akishtuka mabega. Alinisikia. Akaziba masikio kwa mikono miwili, akaongeza mwendo.

"Mairead! Ni mimi! Mairead!"

Nilipiga kelele hadi koo likachanika. Nilitukana. Niliwataja mmoja mmoja. Kadiri nilivyoita, ndivyo walivyozidi kukimbia. Hebu fikiria hasira hiyo... kuwa hai, kuwa pale, hatua chache nyuma ya mkeo, na kila neno unalosema linakufukuzia watu wako.

Ukungu ukafunguka kidogo. Nikaiona migongo yao kwenye theluji.

Lachlan. Bridie. Gregor. Mairead.

Na wa tano.

Jaketi la bluu, kama langu. Mkoba wa kijivu, kama wangu. Alikuwa anatembea nyuma ya mke wangu, mkono wake umemshika begani kumsaidia mteremko.



Yule wa tano akageuka. Sikumwona uso, ulikuwa ndani ya kofia. Akaninyanyulia mkono taratibu, kama mtu anavyomshukuru jirani aliyemwachia nafasi kwenye foleni.

Ukungu ukafunga.

Sijui niliufunga vipi ule mkanda. Nilishuka nikifuata nyayo zao, taa ya kichwani ikinionyesha theluji kidogo tu mbele. Niliziangalia zile nyayo kwa makini, maana sikuwa na kitu kingine cha kuangalia. Zilikuwa za watu wanne.

Nilipofika barabarani giza lilikuwa limeshika kabisa, na maegesho yalikuwa matupu. Gari la Lachlan halipo. Gari letu halipo. Simu haina mtandao bonde lile lote. Nilisimama katikati ya lami nikicheka kama kichaa, kisha nikaona mwanga wa dirisha.

Ilikuwa nyumba ya Finlay, mlinzi wa kulungu wa bonde lile, mtu mnene asiyependa wageni. Alifungua mlango ukiwa na mnyororo, akanitazama kupitia upenyo.

"Gari zenu zimeshapita," akasema. "Mbwa wangu ameingia chini ya meza mpaka sasa hataki kutoka. Nani kati yenu alijibu?"

"Kujibu nini?"

"Usinipotezee muda, bwana. Iliita. Nani alijibu?"

"Bridie," nikasema.

Akatikisa kichwa kama fundi anayeonyeshwa mashine iliyovunjwa na mjinga. Akamwita mbwa. Mbwa akaja akijikokota, akaninusa buti, akatikisa mkia. Hapo ndipo Finlay alipotoa mnyororo.

"Sisi hatuitani huko juu," akasema akinisogezea simu ya mezani. "Tunapiga mluzi. Baba yangu alinifundisha, naye alifundishwa na baba yake."

"Kwa nini? Ni nini ile?"

"Sijui."

"Utakosaje kujua? Umezaliwa hapa!"

"Ndiyo maana sijui," akasema. "Aliyetaka kujua hakurudi kutuambia. Piga simu yako."

Nikapiga. Iliita muda mrefu. Mairead alipokea kupitia spika ya gari. Nilisikia muungurumo wa injini.

"Mairead, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Struan! Mumeo! Mmeniacha mlimani, niko kwa mlinzi wa kulungu, hebu geuza..."

Nilisikia pumzi yake ikikatika.

Kisha, kutoka kiti cha pembeni yake, nikasikia sauti yangu mwenyewe. Tulivu. Yenye usingizi.

"Nani huyo, mpenzi?"

Simu ikakatika.

Yaliyotokea garini Mairead aliyasimulia baadaye, mara moja tu, na hajawahi kurudia. Aliona taa za kituo cha mafuta, akaingia kwa kasi hadi karibu agonge pampu, akafungua mlango na kukimbilia ndani bila kuzima injini. Msichana wa zamu alipotoka kuangalia, hakukuta mtu. Kiti cha pembeni kilikuwa kimelowa chapachapa, maji yananuka sufu mbichi. Mlango wa upande ule haukuwa umefunguliwa, na mkanda wa kiti ulikuwa bado umefungwa.

Wale wengine walinikasirisha kuliko kila kitu.

"Lakini ulikuwa nasi!" Lachlan alisisitiza kesho yake, jikoni kwake. "Tulishuka pamoja. Tulihesabiana pale chini, watano. Ulinisaidia kupakia mikoba."

"Sikuwa mimi, mzee."

"Kusema kweli," Bridie akaingilia, macho yake chini, "ulikuwa mchangamfu kuliko asubuhi. Uliniomba radhi kwa kununa kwako."

Hata Gregor hakuwa na mzaha.

Na Mairead... alikuwa amezungumza na kile kitu njia nzima. Nilimbembeleza anieleze walisema nini. Kilimwomba akikumbushe njia ya nyumbani, kikisema baridi imekivuruga akili. Akacheka, akakieleza. Kona zote hadi mjini kwetu Beauly. Nyumba yetu. Nyumba ya dada yake mjini Inverness, anakopenda kulala tukigombana. Kiliuliza kuhusu siku zetu za kwanza, kikitaka kusikia tena, na yeye akakihadithia, kwa sababu kwa muda mrefu mumewe hakuwa amemuuliza jambo kama hilo.

Wiki ile ile alihamia kwa dada yake. Hakunichukia. Alikuwa tu hawezi kunisikia nikiongea akiwa hanioni. Siku zile kabla hajahama, nikiwa bafuni nikamwita aniletee taulo, anaanza kulia. Nikija nyuma yake jikoni, anaangusha sahani. Niambie, mtu afanye nini? Ningekuwa nimekosa ningeomba msamaha. Ningekuwa mgonjwa ningetibiwa. Nilikwenda kwa padri, akaniombea na kunipa chai. Nilirudi kwa Finlay, hakufungua mlango.

Jumamosi iliyopita jioni, theluji ikianza kudondoka, nilikwenda Inverness. Nilijua dada mtu amesafiri. Nikapanda ngazi, nikagonga. Nikasikia nyayo zikija, kisha zikasimama upande wa pili wa mbao.

"Mairead. Fungua tuzungumze. Dakika chache tu."

Nikagonga tena, taratibu.

"Nimechoka, mke wangu. Niulize chochote unachotaka. Chochote."

Sauti yake ilipotoka ilikuwa chini sana, imebanwa kwenye tundu la barua mlangoni.

"Siku ile Ullapool, mvua inanyesha, kabla hujanivisha pete... ulisema nini?"

Nikacheka. Sikuweza kujizuia, maana jambo lile hutuchekesha siku zote. "Nilisema nina njaa."

Sikusikia kicheko upande wa pili. Nilisikia anavuta pumzi, akaishikilia.

"Jana pia ulijibu hivyo," akanong'ona. "Ukacheka hapo hapo."

Nikaweka kiganja kwenye mlango. Ulikuwa baridi.

"Mairead," nikasema, "jana sikuja."

Nikasikia komeo la pili likisukumwa, polepole, hadi mwisho.