Chupa Zenye Nyuso za Watu

Tak! Birika la umeme lilijizima gizani, na kabla Sheikha hajawasha taa ya jikoni, simu ikalia.

"Bi Mashavu, umeamka?" Alikuwa Hamad.

"Wewe, alfajiri yote hii! Utamwamsha mwanangu Afra."

"Kwani mimi nimelala? Leo shangazi anakwenda kwa kaka yako, Ilford, kupeleka posa. Usiniangushe, mpenzi."

Sheikha alicheka, kiganja mdomoni.

Walijuana vuli ya 1997 katika jumba la makumbusho la London, Sheikha alipokwenda na wenzake wa darasa la jioni. Bega lake lilimgonga kijana mwenye koti la kijivu mbele ya kabati la chupa za Warumi wa kale, chupa za kioo zilizopulizwa ndani ya kalibu zikatoka na sura za vichwa vya watu.

"Huyu mwenye mashavu ni wewe," kijana alimtania.

"Na huyo mwenye pua je, si babu yako?"

Tangu hapo, kahawa za Edgware Road hazikuisha.

Jioni ya posa, kwa kaka Amir, udi ulifuka, na shangazi wa Hamad aliketi na kikombe cha kahawa mkononi. Sheikha alijitanda mtandio wa zambarau.

"Hamad anakuposa," kaka alisema. "Wasemaje?"

Akainamisha kichwa, akanyamaza. Ndivyo alivyofanya alipokuwa mwari, alipoposwa na marehemu mumewe, na kimya chake kikahesabiwa ndiyo. Shangazi alingoja, akangoja, kisha akaweka kikombe chini na kuaga.

Hamad hakupiga simu tena. Sheikha akaamini wamemkataa kwa kuwa ni mjane mwenye mtoto. Angempigiaje mwanamume aliyemkataa? Haya ilimshika.

Majira ya joto yaliyofuata alimpeleka Afra kuziona zile chupa. Hamad alikuwa amesimama papo hapo, pete ya fedha kidoleni.

"Ulinikataa mbele ya shangazi yangu," alisema.

"Mimi? Nilinyamaza, Hamad! Kunyamaza si kukubali?"

"Kwa mwari, Sheikha. Mjane husema kwa ulimi wake. Shangazi alingoja neno moja tu." Aliizungusha pete kidoleni. "Nimeoa, Maskati. Mwezi uliopita."

Nyuma ya kioo cha kabati, vile vichwa vilikuwa vimefumba midomo.

"Mungu awape kheri," Sheikha alisema.

Hamad akageuka aende zake. Afra akamshika Hamad mkono.

"Mama alikungoja," akasema.